Mbonyeo Ubavuni mwa Ekzosi

9 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Hujambo? Kifua kimeacha kukusumbua? Hapa karakanani tuko wazima, mimi na mashine ya kuchomelea, ila mmoja wetu anazeeka na si mashine. Masikio ni yaleyale. Jana mteja alisimama nyuma yangu akaniita mpaka akachoka, ikabidi anirushie kitambaa. Ndiyo maana nakuandikia. Ukinipigia simu nitaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, halafu nijikute nimekubali kuolewa.

Shida yangu ni hii. Ile jetski ya kusimama, pikipiki ya majini aliyotuachia marehemu baba, nakaribia kumaliza kuiunda upya. Nimeikata pua ikawa fupi, nimeipunguzia uzito, silinda nimezitanua na pistoni ni mpya. Ungeiona usingeijua. Lakini bado ina ekzosi yake ya zamani, na injini inakohoa kama mtu aliyefunikwa mto usoni. Unajua injini hizi za kuchanganya oili na petroli: zinapumulia ekzosi. Bomba likiwa baya, hata ukitia pistoni za dhahabu ni kazi bure.

Mashindano ya kuruka ni Agosti. Nataka kuingia, na si kwa ajili ya kikombe. Nimechoka kuwa fundi wa mageti. Miaka kumi na minne nachomelea mageti, ngazi na vitanda vya chuma, na watu wakileta injini wananipita, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikiruka vizuri mbele ya waendeshaji wote wa ziwa hili, juu ya chombo nilichokitengeneza mwenyewe, wataniletea injini zao. Ndicho ninachokitaka kwa sasa, sitaki kingine.

Wewe uko kaunta ya vipuri, mabomba yote yanapita mikononi mwako. Nichagulie. Nataka nguvu ya kuondokea, mbio za mwisho simo.

Dada yako


24 Januari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa kaunta, nikacheka peke yangu mpaka Bosi akauliza kama naumwa. Kifua kimepona. Chumba nilichopanga bado kina unyevu, ila nimehamisha kitanda mbali na ukuta, tunaelewana.

Kuhusu ekzosi. Tunazo aina tatu. Ya kwanza ni ya mbio, ndefu na nyembamba. Hiyo haifanyi lolote mpaka injini iwe inapiga kelele, ndipo inakutupa mbele. Si yako. Ya pili ni ya kurukia, inavuta tangu chini kabisa, nzuri sana, lakini tumbo lake ni nene na kwenye bodi yetu haiingii hata ukisali. Ya tatu ni ya kati. Bosi anaiita ekzosi ya kila mtu, mimi naiita ekzosi isiyo ya mtu.

Ukiniuliza kwa moyo mweupe, hakuna hata moja. Injini yako umeibadilisha mno. Tengeneza mwenyewe, dada. Hakuna mtu ninayemjua anayekunja bati kama wewe. Ukimaliza, nitumie. Huku nyuma ya duka tuna mashine ya kupimia. Injini ya aina kama yako inafungwa pale, bomba linawekwa, kompyuta inachora mstari wa nguvu toka chini mpaka juu. Mashine haina shangazi wala mjomba, itatuambia ukweli.

Mimi ndiye nitakayekupimia. Usimpe mtu mwingine.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na ya zamani na ya leo. U mzima? Umekula? Usiniambie umekunywa chai tu, nakujua.

Sanduku ulilopokea pamoja na barua hii lifungue taratibu. Humo mna ekzosi namba saba. Namba moja hadi sita ziko nyuma ya karakana, kuku wa jirani wanazitagia mayai. Ya kwanza ilikuwa fupi, injini ikavuta kwa hasira halafu ikakata. Ya tatu nilikosea pembe ya koni ya nyuma, nikayeyusha pistoni moja. Siku hiyo nililia, nakuambia kweli, nikiwa nimekaa chini kwenye vipande vya bati. Kila moja nimeanza kwa kukata maboksi ya viatu, nakunja koni za karatasi mpaka zinaingia kwenye bodi, ndipo nahamishia kwenye chuma. Hata sebuleni huwezi kukaa, kila kiti kina koni.

Lakini ya saba! Mimi kelele za juu sizisikii siku hizi, injini naisikiliza kwa nyayo. Nilipofungua gesi, ule mtikisiko ulipanda miguuni toka chini bila kukatika, nikajikuta hewani, nikapiga kelele hadi mwalimu wa kuogelea akasimamisha wanafunzi wake wamtazame mwendawazimu. Vijana wawili wamekuja kuuliza ninanunua wapi. Nikawaambia wasubiri Agosti.

Usishangae huo mbonyeo ubavuni, wa upana wa kiganja. Nimeupiga nyundo kwa makusudi, na sababu unaijua, bodi yetu ni ileile. Tumbo nimelirefusha vidole viwili kuufidia. Ndani ya mdomo wa bomba nimechora namba na tarehe, kama baba alivyokuwa akiandika kwa penseli nyuma ya kila alichokarabati: siku, na kilichoharibu. Kuna stuli hapa chini yake imeandikwa "Shangazi kanenepa."

Pima, uniandikie haraka. Roho iko juu.

Dada yako


12 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa afya.

Samahani kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Ekzosi tumeipima mara tatu. Sitaki kukuficha, haikufanya vizuri. Chini inavuta kidogo, katikati inaanguka, na huko juu hakuna kitu. Hisia za nyayo, dada, zinaweza kumdanganya mtu. Namba ndiyo namba.

Nakushauri uchukue ile ya kati. Nimekuwekea moja, nimeituma pamoja na barua hii, uifunge kabla ya Agosti uizoee. Hiyo yako haina haja ya kurudi huko, ni mzigo tu. Nitaitupa pamoja na vyuma chakavu vya huku, au nikupe ukija siku moja.

Usivunjike moyo. Umejaribu.

Mdogo wako


1 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo, namshukuru Mungu, goti tu limevimba. Wewe je?

Mashindano yamepita. Tulikuwa tisa, nimekuwa wa saba. Hiyo ekzosi ya kati haina ubaya wowote, inakwenda, inanguruma, lakini kila nilipotaka kuondoka majini ilivuta pumzi kwanza, na wenzangu walikuwa wameshapaa. Mruko wa mwisho nilianguka kwa ubavu mbele ya jukwaa. Wale vijana wawili walikuwepo. Mmoja akanisaidia kuvuta chombo nchi kavu, kwa adabu kabisa, na hakuniuliza chochote kuhusu bomba.

Nimekaa nikafikiri sana. Ningeapa kwa kaburi la baba kwamba ya saba ilikuwa inavuta. Lakini ulisema mwenyewe, mashine haina shangazi wala mjomba. Basi nyayo zangu zimezeeka kama masikio. Ni afadhali kuambiwa ukweli na mtu wa damu yako kuliko kuchekwa na watu baki. Asante kwa kutonificha.

Nimerudi kwenye mageti. Wiki hii nina mawili na dirisha moja la duka la dawa.

Tafadhali ile ya saba usiitupe. Iweke tu pembeni, siku moja nitaichukua niitie maua.

Dada yako


17 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu sina leo. Nilianza kuandika "hujambo", mkono ukagoma.

Jumanne mwalimu wa kuogelea alikuja na boksi jipya kabisa. Amenunua jetski ya kusimama, akataka nimfungie ekzosi ya kurukia ambayo watu wote wanaizungumzia, iliyotoka mwezi uliopita. Boksi lina jina la duka lenu. Nikafungua. Nikatoa karatasi za kufungia moja moja huku ananieleza jinsi ilivyo adimu.

Nikaikuta ina mbonyeo ubavuni. Wa upana wa kiganja.

Nikaupima. Nikaenda nyuma, nikawafukuza kuku, nikachukua koni zangu za maboksi ya viatu nilizokunjia ya saba, nikalizungushia bomba lake moja baada ya nyingine. Zote zimekaa. Koni ya mbele, tumbo, koni ya nyuma, mpaka vile vidole viwili nilivyoongeza. Kiwanda kimeng'arisha tu, kikapiga chapa.

Mwalimu wa kuogelea akadhani nimejikata, maana nilikaa chini ghafla. Akaniletea maji. Halafu akanisomea kijikaratasi kilichokuja ndani ya boksi, kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yangu, nikamwambia arudie mara mbili. Kinasema mbonyeo huo ni "siri ya ufundi" inayokusanya pumzi ya injini na kuirudisha kwa nguvu. Kinasema umebuniwa na "mkuu wetu wa ufundi" baada ya miaka ya utafiti. Picha ya mkuu huyo ipo. Amevaa koti jeupe. Umenenepa, unakula vizuri siku hizi.

Nimeifunga kwenye chombo chake, maana mteja hana kosa. Akaingia majini, akapaa. Watu wakapiga makofi gatini. Nami nikapiga makofi, ningefanyaje?

Kumbe mashine ilisema kweli, wewe ndiye uliyekuwa na shangazi na mjomba. Uliniambia katikati inaanguka. Ulinitumia bomba ulilolijua ni bovu kwangu, ulishaliita mwenyewe bomba lisilo la mtu, nikalifunga kwa mikono yangu, nikaanguka nalo mbele ya wote. Nikakuandikia asante. Hiyo asante ndiyo inayoniuma kuliko yote. Kikulacho ki nguoni mwako, tulikuwa tukiimba tu shuleni, sikujua ni nguo ipi.

Ungeniomba ningekupa. Ungesema, dada, nataka kupanda cheo, niazime kazi yako. Ningekasirika siku mbili, siku ya tatu ningekukunjia na ya nane. Hujui hilo?

Nijibu.

Dada yako


5 Desemba

Dada mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena, shikamoo mara ya tatu.

Sina pa kujificha. Ni kweli. Siku nilipoipima, mstari ulipanda kwenye kompyuta kama sijawahi kuona. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza, "Nani katengeneza hii?" Dada, neno lilikuwa mdomoni, "dada yangu." Lakini alikuwa amenishika bega. Miaka sita sijawahi kushikwa bega pale. Nikasema, "Mimi." Baada ya hapo kila siku uongo ulitaka mwenzake, na mmoja wao nikakuandikia wewe. Niliogopa ukiingia mashindanoni na ya saba, watu wataiona kwako kabla sisi hatujaitoa.

Nililia nilipopata barua yako ya Septemba. Najua hilo halikusaidii.

Nakuomba unisamehe. Na nakuomba kitu kingine, naona aibu hata kukiandika, lakini sina wa kumwendea. Sasa wanataka nitengeneze ekzosi hiyohiyo kwa injini kubwa zaidi. Wahandisi wawili wameletwa. Kila siku wananiuliza: mbonyeo unafanya nini? Upanuliwe? Usogezwe mbele? Yale ya kijikaratasi niliyabuni ili wasiniulize tena, ndio kwanza wamezidi. Nimejaribu kuuondoa kwenye mfano mmoja, bomba likabadilika tabia, sikujua nirekebishe wapi. Jumatatu tarehe saba Januari nasimama mbele yao wote. Nisipokuwa na jibu, watajua, na nitapoteza hata kazi ya kaunta.

Ulisema sababu naijua. Nimefikiri usiku na mchana, dada. Siijui. Niambie tu mbonyeo ni wa nini, na kipimo gani kinafuata ukiuondoa. Nikivuka hapa, naapa nitawaambia jina lako.

Damu ni nzito kuliko maji.

Mdogo wako


22 Desemba

Mdogo wangu,

Shikamoo zako tatu nimeziona. Zimekaa hapo mezani.

Kwa hiyo ulisahau. Nilipokuwa nasoma barua yako nilidhani hasira yangu imefika mwisho, hakuna pa kwenda zaidi, mpaka nilipofika kwenye hilo neno: siijui.

Basi nikukumbushe. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Baba alikwenda kupokea mbao, ukachukua jetski bila ruhusa, ukaigonga kwenye nguzo ya gati, ubavu wa kulia. Ukaja umejikojolea, ukanishika sketi. Baba aliporudi akauliza nani kavunja, nikasema mimi. Akanikataza kugusa kile chombo mwaka mzima. Mwaka mzima nilikaa gatini nimeshika taulo lako, nikikutazama unajifunza kuendesha. Baba akaziba tundu kwa ndani, ubao kwanza, halafu faibaglasi juu yake, tabaka kwa tabaka, mpaka kiraka kikawa kinene kama mkate. Bomba lolote nene likifika pale linagonga. Ndiyo maana nilipiga ya saba nyundo, ili ipite.

Mbonyeo ndio huo. Haufanyi kazi yoyote. Unapunguza nguvu, ndiyo maana nilirefusha tumbo. Mnawauzia watu kote umbo la nguzo uliyoigonga, na ukaliandikia sifa.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilikukinga siku ile, ukajua kwamba ukishika sketi yangu mambo yanakwisha. Sehemu hiyo ya kosa ni yangu, naibeba. Zilizobaki beba wewe.

Wiki iliyopita nilichukua msasa wa umeme nikakiondoa kile kiraka. Siku tatu, vumbi mpaka kwenye meno. Nimeziba upya kwa wembamba, ubavu umenyooka, na nimekunja ekzosi namba nane isiyo na mbonyeo wala cha kufidia. Jana niliifunga. Sikupiga kelele, wala hapakuwa na mtu. Nyayo zangu ni nzima kabisa. Nimeandika jina langu kwa nje, herufi kubwa, kwa moto, mahali ambapo hata msasa hautafika bila kutoboa. Mwalimu wa kuogelea ameshaweka oda ya yake, na ile yenu atailaza na kuku.

Vipimo havimo kwenye barua hii wala havitakuwamo kwenye nyingine.

Lakini sikukuacha mikono mitupu. Nilipofika mwisho wa kiraka nilitoa ule ubao wa baba. Upande wa ndani kuna mwandiko wake wa penseli, haukufutika, gundi imeuhifadhi vizuri kuliko picha zake zote tulizo nazo. Tarehe, na chini yake: "Kavunja mdogo. Kasema mkubwa. Nimewaachia."

Alijua. Alijua siku ileile, akaniacha nikae gatini mwaka mzima na taulo. Nimelia juu ya ubao huo kwa ajili yenu wawili, na sijui nani nimemlilia zaidi.

Nimeufunga kwenye gazeti, umo ndani ya sanduku hili. Nenda nao Jumatatu hiyo ya tarehe saba. Wakikuuliza kazi ya mbonyeo, uweke mezani wausome.

Mkubwa